Amri Moja kwa Kompyuta Arobaini

Utangulizi

Tuseme mwalimu mmoja wa shule ya sekondari amekabidhiwa maabara yenye kompyuta 40. Mtihani wa vitendo umekaribia, naye ametakiwa kuhakikisha kwamba saa za kompyuta zote zinalingana, kwa kuwa kila faili la mtahiniwa litabeba alama ya saa lilipohifadhiwa. Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kila kompyuta pana hatua 5: kuweka programu ya kulinganisha saa, kunakili faili la mpangilio wake, kuchagua majira ya Afrika Mashariki, ambayo yako saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, kuianzisha programu, na kuiagiza ianze yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Akitumia dakika 6 kwa kila kompyuta, mwalimu atamaliza kazi kwa dakika 240, yaani saa 4.

Muda huo unavumilika. Jambo lisiloonekana upesi ni lile la makosa. Hatua 5 kwa kompyuta 40 ni hatua 200. Tuseme mwalimu huyu ni mwangalifu sana, hata anakosea mara 1 tu katika kila hatua 100. Uwezekano wa kufanya hatua moja sawasawa ni 0.99. Uwezekano wa kuzifanya zote 200 bila kosa hata moja ni 0.99 kwa kipeo cha 200, na jibu lake ni 0.13 hivi. Kwa maneno mengine, mtu mwangalifu kiasi hicho atakosea mahali fulani karibu mara 87 katika kila majaribio 100. Wala hatajua ni kompyuta ipi aliyoikosea mpaka siku ya mtihani.

Mafundi wa kompyuta wamekabiliana na tatizo hili kwa kuunda mitambo inayozitengeneza kompyuta nyingine. Katika makala haya tutaeleza mmoja wa mitambo hiyo, yaani seva ya otomatiki, na jinsi mtu anavyoiendesha kwa kuandika amri kwenye kibodi badala ya kubofya vitufe kwa kipanya. Tutaonyesha pia kwamba nguvu inayotuepusha na makosa madogo mengi yaweza kuleta kosa moja kubwa, na kwamba kinga yake ni kuizoea tabia ya kuandika, kusoma na kuhakiki kabla ya kutenda.

Mkono wa mtu na seva ya nane

Pengine msomaji atadhani kwamba hesabu tuliyoifanya hapo juu ni ya darasani tu. Sivyo. Mfano mashuhuri ulitokea Marekani mwaka 2012. Kampuni ya Knight Capital ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja kwa kutumia kompyuta. Kuelekea mwisho wa mwezi wa Julai mafundi wake walinakili programu mpya katika seva 8. Seva 7 ziliipata. Ya nane ilisahauliwa, na hapakuwa na fundi wa pili aliyetakiwa kuihakiki kazi hiyo.

Soko lilipofunguliwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, seva ya nane iliyapokea maagizo ya wateja kwa programu ya zamani, ikaanza kupeleka sokoni maagizo yasiyokwisha. Maagizo 212 tu ya wateja yalizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4 katika muda wa dakika 45 hivi. Kibaya zaidi, mafundi walipokuwa wakitafuta chanzo, waliiondoa programu mpya katika zile seva 7 zilizokuwa nzima, na hivyo nazo zikaanza kufanya makosa yale yale. Hasara ilizidi dola milioni 460, na kampuni haikuweza tena kusimama peke yake.

Funzo la kwanza la tukio hili ni kwamba idadi ya seva haikuwa kubwa. Zilikuwa 8 tu. Funzo la pili ni kwamba hakuna aliyeweza kujua kwa kutazama mara moja kwamba seva ya nane ilikuwa tofauti na wenzake. Kazi iliyofanywa kwa mkono haikuacha maandishi ambayo mtu mwingine angeweza kuyasoma na kuuliza: mbona hapa yametajwa majina saba?

Kueleza hali badala ya tendo

Hatua kubwa katika kulitatua tatizo hili ilichukuliwa mwaka 1993, pale Mark Burgess, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, alipotunga programu iitwayo CFEngine. Wazo lake lilikuwa hili: badala ya kuiambia kompyuta matendo ya kufuata, iambiwe hali inayotakiwa, nayo ijisogeze kuelekea hali hiyo.

Tofauti hii yafaa ieleweke vizuri, kwa sababu ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Mtu akimwambia mtoto, “Mimina ndoo moja ya maji mtungini,” hilo ni tendo. Akilirudia agizo hilo mara tatu, mtungi utafurika. Lakini akisema, “Hakikisha mtungi umejaa,” hiyo ni hali. Mtoto ataukuta mtungi mtupu, ataujaza; ataukuta nusu, ataongeza; ataukuta umejaa, ataondoka bila kufanya lolote. Agizo hilo laweza kurudiwa mara mia bila madhara.

Wanafunzi wa hisabati wanaifahamu sifa hii. Tukiikadiria namba 47 katika makumi yaliyo karibu, tunapata 50. Tukiikadiria tena hiyo 50, tunapata 50 ile ile. Kurudia hakubadili kitu. Agizo lenye sifa hii linamwondolea fundi hofu ya kujiuliza, “Je, kompyuta hii niliishughulikia jana au sikuishughulikia?” Hana haja ya kukumbuka. Anatuma agizo tena, na kompyuta iliyokwisha kutengenezwa itajibu kwamba haikubadilika.

Baada ya CFEngine zilifuata programu nyingine zenye wazo hilo, kama vile Puppet mwaka 2005 na Chef mwaka 2009. Mwaka 2012 Michael DeHaan wa Marekani alitoa programu iitwayo Ansible. Jina hilo lilibuniwa na mwandishi Ursula K. Le Guin katika riwaya yake ya mwaka 1966, Rocannon's World, kwa chombo cha kubuni kinachopeleka habari papo hapo baina ya nyota na nyota. Ansible haihitaji kuweka programu yake maalumu ndani ya kila kompyuta inayotengenezwa. Hutumia njia ya SSH, yaani njia ya mawasiliano yenye usimbaji wa siri iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, na ambayo kompyuta nyingi za aina ya Linux huwa nayo tayari.

Maagizo ya Ansible huandikwa katika faili la maandishi ya kawaida. Kwa mwalimu wetu, maana ya faili hilo ingekuwa hivi: programu ya kulinganisha saa iwepo, faili la mpangilio wake lifanane na nakala hii, majira yawe ya Dar es Salaam, programu iwe inafanya kazi, na ianze yenyewe kompyuta inapowashwa. Maagizo hayo matano huandikwa mara moja tu, kisha hutumika kwa kompyuta 40 au 400.

Kazi ya seva ya otomatiki

Fundi mmoja aweza kuyatumia maagizo hayo akiwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Lakini mafundi wakiwa wengi, maswali huzuka. Ni nani mwenye nakala sahihi ya maagizo? Nani ana funguo za kuingilia kompyuta zote? Nani aliyetuma kazi ya jana usiku, na ilifaulu au ilishindwa? Hapo ndipo seva ya otomatiki inapohitajika.

Mfano tutakaoutumia ni AWX, seva inayoiendesha Ansible. Kampuni ya Red Hat iliinunua kampuni ya Ansible mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaitoa AWX wazi, ili mtu yeyote aweze kusoma na kuutumia msimbo wake bila malipo. Ndani ya seva hiyo mna vitu vinne ambavyo msomaji hana budi kuvifahamu.

Cha kwanza ni daftari la mashine. Humo zimeorodheshwa kompyuta zote, pengine kwa makundi: za maabara, za maktaba, za ofisi. Cha pili ni mradi, ambao ni mahali yanapohifadhiwa mafaili ya maagizo. Cha tatu ni vitambulisho vya siri, yaani funguo na maneno ya siri ya kuingilia kompyuta hizo. Seva huvihifadhi kwa usimbaji, na mtu huweza kuruhusiwa kuvitumia bila kuruhusiwa kuvisoma, kama vile dereva akabidhiwavyo gari bila kupewa hati yake. Cha nne ni kiolezo cha kazi, ambacho huviunganisha vile vitatu: maagizo haya, kwa mashine hizi, kwa vitambulisho hivi. Kila kiolezo kinapotumwa huzaa kazi yenye namba yake, na seva huandika nani aliituma, saa ngapi, na kila kompyuta ilijibu nini.

Mstari wa amri

Seva ya namna hii ina kurasa zake za kubofya, na mgeni huanzia huko. Ni njia nzuri ya kujifunza. Lakini mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku aghalabu huhamia kwenye mstari wa amri, yaani kuandika maneno machache kwa kibodi na kubonyeza kitufe cha kuingiza.

Njia hii ni ya zamani kuliko kipanya cha mezani mwetu. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell, nchini Marekani, mwaka 1969, walizungumza na kompyuta kwa taipureta za umeme zilizochapa herufi 10 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana amri nyingi za Unix ni fupi mno. Taipureta hizo zimekwisha kuondoka, lakini mazungumzo yenyewe yamebaki: mtu anaandika mstari mmoja, kompyuta inajibu.

AWX ina chombo chake cha mstari wa amri, nacho kinaitwa kwa jina hilo hilo, kwa herufi ndogo. Fundi akitaka kuona violezo vyote vilivyomo katika seva, huandika:

awx job_templates list -f human

Neno la kwanza ni jina la chombo. La pili lataja aina ya kitu, yaani violezo vya kazi. La tatu ni tendo: orodhesha. Sehemu ya mwisho huomba jibu liandikwe katika safu zinazosomeka na binadamu, kwani bila hiyo jibu huja katika muundo wa JSON, ambao hupendwa zaidi na programu. Msomaji ataona kwamba amri ina sarufi yake: chombo, kitu, tendo, kisha maelezo. Akishaielewa sarufi hiyo, aweza kukisia amri ambazo hajawahi kufundishwa.

Tuseme kiolezo cha kulinganisha saa kina namba 12. Kukituma, mwalimu huandika:

awx job_templates launch 12 --monitor

Sasa tuifuate amri hiyo katika safari yake. Chombo huyageuza maneno haya kuwa ombi, na kulipeleka kwa seva kupitia mtandao, kwa njia ile ile inayotumiwa na kurasa za kubofya. Mstari wa amri, basi, si mlango wa uani. Seva hukagua kwanza kama aliyetuma anajulikana, kisha kama ameruhusiwa kukitumia kiolezo namba 12. Akiwa ameruhusiwa, seva huifungua kazi mpya, tuseme namba 231, huchukua maagizo kutoka kwenye mradi, huchukua funguo, kisha huziingia kompyuta. Haiziingii zote kwa mara moja; kwa kawaida Ansible hushughulikia kompyuta 5 kwa wakati mmoja, isipoambiwa vingine. Sehemu ya mwisho ya amri humwezesha mwalimu kuyaona majibu yakija mstari kwa mstari. Mwishoni hupata muhtasari: kompyuta ngapi zilikuwa tayari sawa, ngapi zimebadilishwa, ngapi zimeshindwa, na ngapi hazikufikika. Ile seva ya nane iliyosahauliwa ingeonekana hapo kwa jina lake.

Kwa nini kuandika na si kubofya

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kurasa za kubofya na mstari wa amri hufikia mahali pamoja, kuna faida gani ya kujisumbua na herufi? Faida zipo tatu.

Kwanza, amri ni maandishi. Yaweza kunakiliwa katika daftari, kusomwa na mwenzako kabla haijatumwa, na kurudiwa mwaka ujao bila kukosea hata nukta. Jaribu kumweleza mtu kwa simu kitufe cha kubofya, kisha jaribu kumsomea mstari mmoja wa amri; utaiona tofauti.

Pili, amri zaweza kuunganishwa. Katika Unix kila programu inapomaliza kazi huacha namba: 0 maana yake imefaulu, namba nyingine yoyote maana yake imeshindwa. Amri tuliyoiona hapo juu hufuata kanuni hiyo, ikiwa imeagizwa kungoja mpaka kazi iishe. Kwa hiyo mwalimu aweza kuandika faili fupi lisemalo: tuma kiolezo namba 12, kikifaulu, tuma namba 13, kikishindwa, simama.

Tatu, mpangilio wa seva yenyewe waweza kuhifadhiwa. Amri hii:

awx export > nakala.json

huandika violezo, madaftari na miradi katika faili moja, ambalo laweza kutumika kuijenga upya seva nyingine. Maneno ya siri hayatolewi pamoja na faili hilo, na hivyo ndivyo inavyopasa. Siku seva itakapoungua kwa hitilafu ya umeme, mwenye nakala hii atapoteza siku moja. Asiye nayo atapoteza miezi.

Nguvu na hatari yake

Mpaka hapa tumeusifu mstari wa amri. Sasa ni lazima tuutazame upande wake wa pili.

Tarehe 28 Februari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya Amazon alikuwa akishughulikia mfumo wa kuhifadhi data uitwao S3, katika eneo la Virginia ya Kaskazini, Marekani. Alikuwa ameruhusiwa, na alifuata mwongozo uliokubaliwa. Alitaka kuondoa seva chache tu. Sehemu moja ya amri aliiandika vibaya, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondolewa. Kwa muda wa saa 4 hivi, tovuti na huduma nyingi zilizoutegemea mfumo huo zilikwama. Kampuni ilieleza hadharani marekebisho yake: chombo kilibadilishwa ili kiondoe seva polepole zaidi, na kikatae kabisa kushusha idadi ya seva chini ya kiwango cha lazima. Hapa yafaa kuangalia kwamba dawa iliwekwa katika chombo. Kumwambia fundi awe mwangalifu zaidi hakungetosha.

Mimi mwenyewe nimeonja kosa la jamii hii, ingawa kwa kipimo kidogo. Katika maabara niliyokuwa nikiisimamia kulikuwa na kiolezo cha kuzima na kuwasha upya kompyuta. Alasiri moja kompyuta moja ilikuwa imeganda, nami nikaandika, nikiwa na haraka ya kwenda kufundisha:

awx job_templates launch 9 --limit maabara-07

Maana niliyoikusudia ilikuwa: tumia kiolezo namba 9, lakini kwa kompyuta ya saba peke yake. Baada ya muda mfupi nilisikia kelele kutoka chumba cha pili. Wanafunzi walikuwa katikati ya jaribio, na kompyuta zilikuwa zikizimika tano tano. Nilipoisimamisha kazi, kompyuta 15 zilikuwa zimekwisha kuzimwa, na wanafunzi waliokuwa hawajahifadhi majibu yao waliyapoteza.

Nilidhani seva imeharibika. Haikuwa hivyo. Katika AWX kila kiolezo huwekewa alama inayosema kama mtumaji anaruhusiwa kubadili idadi ya mashine wakati wa kutuma. Kiolezo changu hakikuwa na alama hiyo. Seva ililipokea ombi langu, ikaiacha ile sehemu isiyoruhusiwa, ikaendelea na daftari zima la mashine. Na iliniambia hivyo: katika jibu lake mlikuwa na orodha ya mambo iliyoyapuuza, na neno la kikomo limo. Mimi sikulisoma jibu. Ningeandika mapema:

awx job_templates get 9

ningeiona alama hiyo, na jina lake ni ask_limit_on_launch, ikiwa na thamani ya hapana.

Wanafunzi wale walipewa jaribio jingine wiki iliyofuata. Mmoja wao aliniuliza kama kuna njia ya kujua ni nani aliyezizima kompyuta. Nilimfungulia kumbukumbu za seva mbele ya darasa zima, akalisoma jina langu na saa niliyoituma ile kazi. Nadhani lilikuwa somo zuri kuliko nililokuwa nimeliandaa.

Tahadhari tano

Kutokana na mambo tuliyoyaeleza, zipo tahadhari ambazo kila mwenye kuendesha seva ya namna hii hana budi kuzishika.

1. Soma kiolezo kabla ya kukituma. Fahamu kinahusu mashine zipi na kinaruhusu nini kibadilishwe. Baada ya kutuma, soma jibu lote.

2. Fanya jaribio kwanza. Ansible ina hali ya ukaguzi, ambamo hueleza mabadiliko ambayo ingeyafanya bila kuyafanya. Si kila agizo linaloweza kukaguliwa hivyo, lakini mengi yanaweza. Ni vyema kuwa na kiolezo cha pekee cha ukaguzi, ili mtu asitegemee kukumbuka neno la kuongeza.

3. Gawanya mashine kwa mafungu. Katika faili la maagizo yaweza kuelezwa kwamba kazi ianze na kompyuta 1, kisha 5, kisha zilizobaki. Ile ya kwanza ikishindwa, kazi husimama, na hasara inakuwa ya kompyuta moja.

4. Usiandike neno la siri ndani ya amri. Kompyuta nyingi huhifadhi historia ya amri zilizoandikwa, na atakayekaa kwenye kiti chako kesho ataweza kuisoma.

5. Mpe kila mtu ruhusa inayomtosha. Msaidizi wa maabara apewe kiolezo cha kulinganisha saa. Cha kuzima kompyuta zote kibaki kwa wachache. Na kila mtu atumie jina lake mwenyewe, ili kumbukumbu ziwe na maana.

Hitimisho

Tulianza na mwalimu mwenye kompyuta 40 na hatua 200. Seva ya otomatiki imemwondolea hatua hizo na kumwachia moja: kuandika agizo lililo sahihi. Hatuwezi kusema kwamba kazi yake imekuwa nyepesi. Imehama kutoka mikononi kwenda kwenye fikra. Zamani kosa lake liliishia kwenye kompyuta aliyoikalia. Sasa kosa lake husafiri upesi sawa na usahihi wake.

Kwa shule zetu jambo hili lina maana ya pekee. Hakuna haja ya kungoja mashine nyingi ndipo wanafunzi wafundishwe tabia hii. Kompyuta mbili kuukuu zenye mfumo wa Linux zinatosha kwa kuanzia: moja itume maagizo, nyingine iyapokee. Ansible yenyewe hupatikana bila malipo, na yaweza kujaribiwa hata kabla ya kuwa na seva ya AWX. Mwanafunzi aandike kwanza hali anayoitaka, amwombe mwenzake aisome, akague, ndipo atume. Akiizoea desturi hiyo kwa kompyuta mbili, ataweza kuaminiwa siku atakapokabidhiwa mia mbili.

Maswali ya kujipima

1. Mwalimu mwingine ana kompyuta 10 tu, na hatua zake ni 5 kwa kila moja. Ikiwa uwezekano wa kufanya hatua moja sawasawa ni 0.99, uwezekano wa kumaliza kazi yote bila kosa ni kiasi gani?

2. Kati ya maagizo haya, ni lipi linaloweza kurudiwa bila madhara, na ni kwa nini? (a) Ongeza mstari huu mwishoni mwa faili. (b) Hakikisha mstari huu umo katika faili.

3. Mafundi wa Knight Capital waliiondoa programu mpya katika seva 7 zilizokuwa nzima. Eleza ni maandishi gani, kama yangekuwapo, yangewaonyesha upesi kwamba kosa lilikuwa katika seva ya nane.